Wadudu wa Kunde za Mama

Pande, Kilwa
9 Julai

Kaka yangu Yunusu,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta salama huko Mtwara, wewe, wifi Nusaiba na watoto. Mimi mwili mzima, ila chakula hakipiti. Utashangaa kuandikiwa barua na simu ipo. Kwenye simu utanikatiza, na nikikatizwa nitanyamaza tena, kwa hiyo nisome mpaka mwisho, tafadhali.

Shamba la kunde la marehemu mama limejaa tena wale wadudu wa kijani wanaonuka. Unawakumbuka, ukimgusa mmoja mkono unanuka kutwa. Kila siku yao ni ile ile. Alfajiri wapo juu ya maganda wanangoja jua, wamelowa umande, wazito, hata kuruka hawawezi. Jua likichoma wanashuka chini ya majani, ukipita saa sita utasema shamba ni safi. Jioni hao, wanapanda tena kufyonza, na punje zinasinyaa ndani ya maganda. Mama akishasali alfajiri alikuwa anachukua ndoo yake ya maji ya sabuni na kuwakung'utia humo. Dawa hakuitaka kabisa, maana majani ya kunde ni mboga ya kila mpita njia, na hapa kwetu mtu haombi ruhusa kuchuma mboga. Anayepuliza dawa hutundika kitambaa chekundu njiani ili watu wajue. Mama alisema kitambaa hicho kwake hakitaonekana.

Umesema utakuja arobaini, na ukifika Bi Kijakazi ahame Pande. Habari hizo zimeshamfikia. Tangu watu waseme mama alikufa kwa bakuli la mchuzi wa samaki aliloletewa na jirani yake huyo, hakuna anayechota naye maji. Juzi mlango wake ulipakwa kinyesi. Jana nilimkuta shambani kwa mama, peke yake na ndoo, anakung'uta wadudu. Akaniambia kunde za rafiki yake haziliwi na wadudu yeye akiwa bado yupo hapa kijijini. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Kaka, mchuzi ule haukuwa na kosa. Najua kwa sababu uliobaki niliumaliza mimi, jikoni, kwa kujificha, na hata tumbo halikuniuma.

Jioni ya kuamkia siku ile aliyougua, mama alikwenda kuhani msiba. Mimi nilikuwa nimechoka na ile ndoo, nimechoka na kuamshwa alfajiri, nikaona mama mbishi tu. Nikachukua dawa ya mikorosho iliyobaki, nikasubiri wadudu wapande, nikapuliza shamba zima. Kitambaa sikutundika, maana mama angekiona. Asubuhi alirudi kutoka shambani amefurahi kupita kiasi. Alisema wadudu wamelala chini wote wamekufa, Mungu amesikia dua yake. Mkononi alikuwa na kapu la majani ya kunde.

Niliogopa kugombezwa, Yunusu. Mwanamke mzima, naogopa kugombezwa na mama yangu. Niliyaosha majani mara tatu, nikajiambia inatosha. Lakini alipopakua, nilimwambia nina swaumu. Akaniombea dua ikubaliwe, akala peke yake.

Sikuwa na swaumu.

Alasiri mate yalianza kumtoka, jasho, anatetemeka. Bi Kijakazi ndiye aliyempakata njia nzima mpaka zahanati. Tabibu aliniuliza kama amegusa au amekula chochote chenye dawa ya shamba, maana ingekuwa hivyo angejua pa kuanzia. Watu walikuwa wengi mlangoni. Nikasema nyumbani kwetu dawa hatuna. Mama hakuwa na nguvu ya kusema, lakini alikuwa ananitazama.

Basi ukija, usipite kwa Bi Kijakazi. Njoo kwangu, unifanye utakavyo. Wala sikukusubiri wewe ndipo niseme. Leo nimechana khanga ya mama ile nyekundu, nimetundika kipande njiani pale shambani. Kila anayepita ananiuliza nimepuliza lini. Nimewaambia nitawajibu Ijumaa, wakitoka kusali, na Bi Kijakazi awepo.

Nisalimie wifi na watoto. Waambie shangazi yao anawapenda, kama utaona inafaa kuwaambia.

Ni mimi mdogo wako,
Saida