Gari Lipo, Mafuta Hakuna

Ingleburn, Sydney

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au bado unakusumbua ukiinama? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka. Naandika kwa sababu kwenye simu ulinikatia.

Siku zote unaniuliza nafanya kazi gani hasa, nami nakukwepa. Leo nakwambia. Kiwandani kwetu Smithfield tunatengeneza mablanketi ya kufunikia matangi ya mafuta ya roketi. Matangi hayo yatakaa huko juu angani, yakiizunguka dunia, yawe kama sheli: roketi inayokwenda mbali ipite kwanza ijaze. Mafuta yenyewe ni ya baridi kali kuliko barafu, yakipata joto kidogo tu yanachemka na kupotea. Basi mimi kutwa napanga karatasi za kung'aa, nyembamba kama za pipi, moja juu ya nyingine. Usicheke. Ni kazi ya heshima, na bosi si mtu mbaya.

Juzi walikuja wageni. Bosi akasimama mbele ya tangi la majaribio, akasema, "Tunataka safari isikwame tena kwa kukosa mafuta." Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ikagoma. Mama Furaha, Mkongomani ninayefanya naye kazi meza moja, akaninong'oneza, "Juu ya nini haupigi makofi, ndugu? Uko mgonjwa?" Nikamwambia: mama yangu alifia ndani ya gari la wagonjwa, limesimama pale pale kwenye geti la kituo cha afya, baba yangu, dereva wake, ameshika usukani, na ndugu wanahangaika na kidumu kutafuta mafuta. Akavua glavu, akanishika mkono.

Nina hasira, Baba. Na wakubwa wako, na wewe pia. Mdogo wangu Neema anajifungua mwezi huu. Uzazi wa kwanza alitokwa damu nusura tumzike, halafu wewe unamwambia, "Usihangaike, mwanangu, gari lipo." Lipo wapi? Unaliosha kila asubuhi, linang'aa, na tangi ni kavu! Hayo mafuta wamekuahidi tangu Mama yu hai. Huku watu hawalali wakiwazia mafuta ya angani yasipotee, sisi tunaambiwa tusubiri. Inaniuma jamani, inaniuma sana.

Nakupigia magoti. Neema aende mjini kwa shangazi wiki hii hii, akae karibu na hospitali. Akikataa kwa kukuamini wewe, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba gari halina kitu. Najua litakuwa neno gumu kwako. Mwambie tu.

Nisalimie shangazi, na shemeji yangu fundi cherehani, na jirani yetu kinyozi. Ukipita kaburini kwa Mama, mwambie mwanao hajambo. Kazi ninayofanya usimwambie.

Ni mimi mwanao,
Yona