Nilimwambia Baba Mashine ni ya Mkono

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, huku kwetu Mchafukoge kote ni tope, na mimi nimechoka mwili na roho.

Leo ilikuwa siku ya kumi ya Baba kwenye ile mashine ya hospitali. Anakaa kwenye kiti, muuguzi anamwekea kichwani kitu kama kifuniko cha sufuria, kinagonga ta-ta-ta karibu nusu saa. Ni sumaku, inausisimua ubongo. Daktari alinieleza kwamba Parkinson, huu ugonjwa wa Baba, haitetemeshi mikono tu, inaweza pia kumletea mtu sonona, ile huzuni isiyoisha. Ndiyo maana Baba, fundi wa kanzu aliyekuwa na utani na nusu ya Kariakoo, mwaka mzima sasa hataki watu. Wateja wake wakija kumjulia hali, anajifanya amelala.

Sasa niungame.

Mimi nilimwambia mashine ni ya mkono. Ningemwambiaje baba yangu kwamba anatibiwa huzuni? Mtaani kwetu ukitaja tiba ya namna hiyo, watu wanajua mgonjwa keshaanza kuokota makopo. Nikaona nimdanganye kidogo, akishazoea kiti mengine yatajipa.

Hayakujipa. Kumbe kila tukirudi anajifungia chumbani na kujaribu kutia uzi kwenye sindano. Leo nimemkuta ameinama, sindano imeanguka, uzi umelowa mate. Akasema kwa upole kabisa kwamba haendi tena, maana mkono ni uleule na mimi nakosa kazini kwa ajili yake.

Siku kumi amejipima kwa kipimo nilichompa mimi. Nimejichukia.

Nikakaa sakafuni, nikamwambia yote. Kwamba kule hospitali hakuna aliyeahidi mkono utapona. Kwamba mashine ni ya ile huzuni, na hata daktari hana uhakika itaondoka, ila angependa amalize siku zote alizopangiwa. Nilitegemea anifokee.

Aliuweka uzi pembeni.

"Kumbe mlikuwa mnaniona," akasema. "Mimi nilidhani nimewaficha."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku tuliyomzika Mama. Nami nikalia, nikiwa sijui nimshike au nimwache.

Kama kesho atakubali kwenda, sijui. Sijathubutu kumuuliza. Nilipoinuka nikapike, akaniambia nikae kidogo.

Mwaka mzima hajamwomba mtu akae naye. Basi nimekaa, naandika hapa hapa pembeni yake, na chakula cha jioni kitajijua chenyewe.