Kiwanda Kilichohamia Kwetu

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Ngozi.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu, na pole kwa baridi. Wifi yangu hajambo? Na hao wanaoniita shangazi bila kuijua sura yangu, wazima? Sisi tunasukuma siku. Mama anakohoa, ila ulimi wake hauna ugonjwa.

Barua yako nilimsomea. Tumefurahi kwamba mto wa huko umesafika na watu wanaogelea tangu kiwanda kiondoke. Kaka, ndicho hiki kilichokuja kwetu. Mashine zetu zina maandishi ya huko.

Siwezi kukitukana. Kimetuletea umeme na lami, na mimi sasa ni msimamizi wa kuloweka ngozi. Lakini maji ya kisima yamekuwa kama chai ya rangi, na kitinda mimba wangu ana upele usiosikia dawa.

Jumatano wanawake wa mtaa walifunga lango la kiwanda kudai maji safi, Mama akiwa mbele. Mimi nilikuwa ndani na aproni yangu, namwona kupitia nondo. Nikitoka, kazi imekwenda. Nikibaki, nimemkana mzazi. Nikabaki.

Meneja akatoka. "Akina mama, mkitubana tutahama. Nchi zinazotutaka ni nyingi."

Mama akamuuliza, "Na huko watu hawanywi maji?"

Watu wakaangua kicheko, hata walinzi. Meneja akatazama saa yake, akasema siku hiyo hailipwi kwa mfanyakazi yeyote. Kicheko kikakatika. Wenye waume kiwandani wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuagana, mpaka Mama akasimama peke yake.

Nilipita mlango mdogo, nikamshika mkono. Njiani nikamwambia naacha kazi, liwalo na liwe. Akasimama.

"Ukiacha, maji ya kunywa tutanunua kwa hela gani?"

Alhamisi aliniamsha mwenyewe, nisichelewe zamu.

Sikuombi hela. Waulize hao wanaoogelea: walipokuwa kama sisi, walianzia wapi? Usiniambie walisubiri watajirike kwanza. Mwanangu anajikuna sasa.

Mjomba fundi viatu anakusalimu, na shemeji yako pia. Mama anasema Mungu akufunike, na uvae soksi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ulipo,

Kidawa