Kopo la Juu ya Kabati

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kikohozi kimehama. Mimi mzima, wodi imejaa, miguu inawaka moto. Nakuandikia barua kwa sababu simu unaikata kila nikifika kwenye neno "shangazi".

Shangazi amekutengea chumba. Tangu tumzike mama unaishi kwa mkate na chai, na jirani ananiambia suruali umeifunga kwa kamba. Mwisho wa Aprili nakuja na gari la mizigo kukuhamisha. Mtu asiyeweza hata kujichemshia maharagwe haachwi peke yake kwenye nyumba.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Kamba ni ya katani, imara kuliko mkanda.

Maharagwe umeyataja wewe, si mimi. Basi ukija utakuta sufuria jikoni. Ukila ukashiba, mimi sitoki humu, na chumba cha dada yangu kisitajwe tena. Nimeshaanza. Nimechota kwenye kopo la juu ya kabati, nikaosha, nikachemsha mpaka mkaa ukaisha. Nikatafuna moja, nikadhani ni kifungo cha shati. Hebu nieleze, hivi vitu huiva vipi?

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kunipima joto. Maharagwe makavu hulowekwa kwanza, usiku kucha, kwenye maji mengi. Nimekubali dau lako, ila shangazi naye aonje, maana wewe ukishindwa utasema nimeshiba.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole na zamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naumwa aibu, na huko hospitalini kwenu sijasikia mna dawa yake.

Usiku kucha niliona ni mrefu. Nikachukua chupa ya chai ya mama yako, nikaijaza maharagwe hadi shingoni, nikatia maji ya moto, nikakaza kifuniko kwa nguvu za fundi. Asubuhi hakuna kilichotoka, hata nilipoigeuza na kuipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nikaleta patasi. Kioo cha ndani kikapasuka, nikatupa vyote.

Mimi ni seremala! Kila masika naitwa kupiga randa milango ya watu iliyokunywa maji ikavimba ikagoma kufunga. Sikufikiria kwamba maharagwe nayo ni milango.

Nikaloweka mengine kwenye beseni, kwa adabu. Nikapika kutwa. Shangazi yako akaja, akaonja, akauliza, "Kaka, hii ni mboga au umeniletea kokoto za kujengea?" Akasema maharagwe yamezeeka, nitupe, ninunue mapya sokoni.

Siyatupi. Mama yako aliyachambua mwenyewe, amekaa pale mlangoni na ungo, wiki ile kabla hajalazwa. Nimepitisha vidole humo ndani, hamna jiwe hata moja. Haya haya ndiyo yataiva.

Baba yako

18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Sikujua ni yale.

Mama yakimgomea hivyo alikuwa anatia magadi kidogo, ncha ya kijiko tu, kwenye maji ya kulowekea. Asubuhi anayamwaga, anaweka mengine. Moto mdogo. Chumvi na nyanya anatia yakishalainika. Na alikuwa haondoki jikoni, Baba. Wewe ukishabandika unakimbilia karakana.

Gari nimeshaliagiza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi. Dau ni dau.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, goti halijambo, na kikohozi kimeona nina kazi kikaondoka.

Nimehamishia benchi la karakana jikoni. Nikabandika sufuria, nikakaa kando yake nikichonga mguu wa kiti, kila mara nafunua, naongeza maji ya moto, nafunika. Mguu umekuwa mwembamba kuliko wenzake kwa sababu mawazo yalikuwa kwenye sufuria. Jioni nikabonyeza moja kwa kidole, likakubali. Nikabonyeza la pili, likakubali. Nikakaa chini kidogo, moshi ulikuwa umeniingia machoni.

Shangazi yako alikuja na maneno yake tayari mdomoni. Akala sahani, akanyamaza. Akaongeza, akanyamaza tena. Mimi nimemjua tangu anatambaa, hajawahi kunyamaza mara mbili siku moja. Alipoondoka akaomba bakuli la kubebea, akasema kile chumba atafugia kuku.

Kwenye kopo yamebaki ya sufuria moja, ndiyo ya mwisho aliyoyachambua. Nimekuwekea wewe. Nitayaloweka Ijumaa jioni, kwenye beseni. Usilete kitu ila chupa ya chai.

Gari usilirudishe, umeshaliagiza. Mwambie dereva aje na njaa, kamba aziache.

Baba yako