Sekunde ya Kwanza ya Pumzi

Jumatatu, 3 Februari
Nimesaga pilipili tangu asubuhi, dukani kwangu, soko la Marikiti. Nimekohoa kutwa. Jioni nikashika zumari nijizoeze, kikohozi kikaniingilia katikati. Mke wangu Maryamu amechoka: kesho hospitali, ama nikalale barazani. Hospitali.

Jumanne, 4 Februari
Nimebanwa pua kwa kibanio, nikapewa mrija. Binti wa vipimo akasema nivute pumzi nijae, kisha nipulize kwa nguvu zote hadi iishe. Nikampa pumzi ya kizumari: imenyooka, taratibu, ndefu. Mara tatu. Nikajiona bingwa.

Daktari hakuniona bingwa. Hewa yote niliyotoa ni lita 3.6, haina neno. Lakini sekunde ya kwanza nimetoa 1.8 tu. Ile ya sekunde ya kwanza unaigawanya kwa ile yote. Nusu. Asilimia hamsini, na yeye anataka sabini na kuendelea. Huenda njia za hewa zimebana. Nirudi Ijumaa kupimwa tena, na mpaka hapo zumari niiweke.

Jumamosi ni harusi ya Zuhura, binti wa dada yangu. Nimeahidi kupiga. Nimekasirika. Na naogopa.

Jumatano, 5 Februari
Habari zimezunguka Mji wa Kale kabla sijafika nyumbani. Bakari, mpiga zumari mwenzangu na mshindani wangu miaka kumi sasa, kapita dukani kunipa pole. Kasema nisijali harusi, yeye yupo. Pole gani hiyo? Hata kahawa sikumkaribisha.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeandika hesabu ya daktari kwenye mfuko wa bizari nikaikodolea macho. Hewa yote ni sawa. Kasoro iko sekunde ya kwanza. Basi mimi sekunde ya kwanza hufanya nini? Nikapuliza huku natazama saa ya ukutani. Kumbe! Nafungia hewa mashavuni. Natoa kidogo, nyingine naiweka akiba ya wimbo. Ndivyo nilivyofunzwa, na mrija wa watu nimeupiga vivyo hivyo. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Maryamu hakucheka. Huenda ni mashavu, asema, huenda ni mapafu.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemweleza binti wa vipimo. Kacheka hadi akaketi. Kisha kaniambia nitoe hewa yote kwa mpigo, nisimwekee mtu akiba. Nimepuliza bila adabu, mate yakaruka. 2.7 kwa 3.6. Nimegawanya kabla ya mashine: sabini na tano. Daktari asema njia ziko wazi, kikohozi ni vumbi la pilipili, nikisaga nivae barakoa. Zumari ruhusa. Alhamdulillahi. Nimerudi nyumbani kwa miguu, natembea kama bwana harusi.

Jumapili, 9 Februari
Harusi jana imefana. Nimepiga mpaka kina mama wakaomba wapumzike. Bakari alikuja, akasimama mbali. Nikadhani ananitafutia makosa. Mwisho kanivuta kando: kifua chamsumbua mwaka wa pili, na haendi kupimwa kwa kuogopa kukatazwa zumari. Nimeona haya kwa ile kahawa.

Jumatano, 12 Februari
Naandika kwenye benchi la hospitali. Njiani nimemfunza Bakari: sahau mashavu, toa yote mara moja. Ameitwa sasa hivi. Zumari yake kaja nayo, hata huku. Kaniwekea mapajani nimshikie. Miaka kumi hajaniruhusu hata kuigusa.