Mwizi Mwenye Mwanya

Jumatano

Na nilikuwa nimemwomba Mwalimu asitaje jina langu! Hakulitaja. Alisoma tu hadithi yangu, ile ya afisa wa polisi wa kike anayemfuata mwizi wa mbuzi kutoka Kathiani hadi sokoni Machakos, kisha akauliza darasa, "Hii tuiweke wapi?"

"Ni ya uhalifu," kiranja akasema. "Kuna kosa, kuna mshukiwa, haki inatafutwa. Kama zile zingine tu."

Nikapumua. Lakini Mwende, ninayekaa naye dawati moja, hanyamazangi.

"Hapana, Mwalimu. Kwa hadithi za uhalifu polisi hutafuta ushahidi. Huyu anatazama tu mwanya wa meno ya mwizi! Mbuzi amesahaulika kabisa. Hii ni ya mapenzi, imevaa sare ya polisi."

Darasa zima likacheka. Kisha vichwa vikageuka, kimoja kimoja, kumwangalia Mutua. Darasani kwetu ni yeye tu mwenye mwanya.

Niliogopa sana. Akijua ni mimi, hatanisalimia tena hata kwa niaje, na hiyo niaje ndiyo mazungumzo yetu yote.

Mwalimu akasema hadithi moja yaweza kubeba uhalifu na mapenzi pamoja. Asante, Mwalimu, umenisaidia sana...

Jioni Mutua akanikuta kwa mfereji nikiosha kikombe.

"Niaje. Mbona umenifanya mwizi wa mbuzi?"

"Nani amekuambia ni mimi?"

"Hakuna. Lakini darasa lote, ni wewe tu hukucheka."

Nikacheka hapo hapo. Nilikuwa nimechelewa.