Jirani Aliyepiga Hodi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Pangani hatujambo, kifua cha babu yako kimepungua. Unaniuliza ufanyeje woga ukikushika kwenye mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Mwanangu, hata mimi woga ulishanishika.

Nilipoolewa huku nikitokea Amani, nilizoea Kishambaa, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja niko peke yangu, jirani akapiga hodi. Nikaogopa kuchekwa, nikanyamaza nyuma ya mlango mpaka akaondoka. Mama mkwe aliporudi akasikia, akaja juu: "Mgeni umemfukuza?"

Kesho yake nikamfuata jirani, nikamweleza kwa Kiswahili kile kile kibovu. Alicheka mpaka machozi. "Kumbe ulikuwa unaogopa! Nami nasema bibi harusi ana maringo! Haya, kaa unikunie nazi, huku unasema." Nikakuna, nikasema. Makosa yangu aliyasahau siku ile ile. Mlango ule alinitania nao miaka.

Basi huyo mwenye mtihani akikuuliza, mwitikie. Neno likikupotea, shika lingine, lakini usimwache mlangoni.

Ukitoka nipigie, hata kama unalia.

Ni mimi bibi yako, simu ninayo mkononi.